Mgongo wa Koti

Picha ilikuja kwa simu, nikaikuza kwa vidole viwili:
baba yangu, studio ya Makadara,
kando ya baiskeli ambayo bado haikuwa yake,
koti la sufu limefungwa hadi kooni, skafu, soksi za magotini,
na ukitazama sana, jasho juu ya mdomo.

"Shangazi," aandika Twalibu, "nataka hivi hivi.
Huku mto umekuwa sakafu, watu wautembelea.
Naenda kazini alfajiri kwa baiskeli,
na haya majaketi ya nailoni yanitoa jasho,
kisha jasho lenyewe hugeuka barafu.
Babu alijua kuvaa."

Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Kongowea, mwezi wa pili, jua la kukaangia.
Mbeyu wa mitumba akaniuliza kama nina homa.
Nikazamisha mikono kwenye rundo hadi kwapani,
maana sufu haitafutwi kwa macho:
ukiifinya hujikunja, kama mtu aliyeguswa usingizini,
kisha hurudi ilivyolala.
Nikapata koti la bwana mnene, rangi ya majivu,
nondo wamelitoboa matundu saba;
nikayahesabu kwa sauti, nikapunguziwa.
Nikapata sketi nzito ya miraba, itoe suruali,
na sweta mbili za kufumua ziwe soksi.
Uzi wa sufu ukiungua hunuka nywele.
Mbeyu mwenyewe ndiye aliyenipa kiberiti.

Kibokoni nikazima feni, manyoya yasiruke.
Suruali nikaikomesha chini ya goti, kwa bizimu,
mnyororo usipate pa kuuma.
Kwapani nikaacha nafasi: mpanda baiskeli
hushika usukani kama anayesukuma mlango.
Pasi ikakutana na kitambaa kibichi,
chumba kizima kikawa zizi la kondoo,
na jasho langu likadondoka kwenye kola.
Nikalishonea humo humo.

Lakini baridi mimi siijui.
Najua kipupwe, najua homa ya kutetemesha kitanda.
Basi nikaenda Liwatoni, kwa Famau wa chumba cha barafu,
nikavaa kila kitu, hata glavu,
akanifungia ndani na nguru waliokodoa macho.
Nikahesabu hadi mia tatu.
Kifua: kimya. Magoti: kimya.
Mgongoni, kwenye mshono wa kati,
kijiupepo, chembamba kama sindano.

Hapo ndipo nilipokumbuka.
Lile koti lilikuwa la mpiga picha.
Moja kwa wote, wakonde kwa wanene,
bwana harusi kwa kuli wa bandarini;
nyuma lilichanwa kutoka kola hadi pindo,
likabanwa kwa pini, likimtosha kila aliyelipa.
Mama alikuwepo, ndiye aliyeshika pini.
Mbele, muungwana wa kupigiwa saluti.
Nyuma, fulana yenye tundu.

Sijamwambia Twalibu. Nitamwambia, au sitamwambia.
Nilirudi nikafumua mshono wote,
nikakata mgongo mpya, tabaka mbili.
Picha haikunipa kipimo chake.
Nilikitoa kwingine: miaka sita niliyokuwa nayo,
nimekaa kwenye keria, twashuka Makupa,
shavu langu kwenye fulana ya baba,
mikono yangu imemzunguka
na vidole havikutani, vimebakisha kama shubiri.

Nikapima shubiri ile, ya mtoto, si hii yangu ya leo.
Nikaongeza inchi ya sweta.

Posta, karani akaweka mzigo kwenye mizani:
kilo tatu na robo.
Akaniuliza thamani yake, ajaze fomu.
Nikamwambia aandike nguo kuukuu.
Akaandika, akaibinya na kifurushi kwa kiganja,
kikajikunja kidogo,
kikarudi.